Firigisi kwenye Sahani Yangu

Jumamosi, 2 Agosti 1975

Nimemaliza kitanda cha mwalimu. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, nikaupigia kabari. Mvua kidogo. Kawangware yote matope.

Chakula cha jioni: ugali na sukuma wiki. Nimekula peke yangu. Mideva amesema ameshiba. Hii ni Jumamosi ya tatu mke wangu anatoka saa tatu asubuhi, anarudi saa kumi na moja, na ameshiba. Anasema ni mkutano wa akina mama wa kanisa, huko Kibera. Akina mama wa kanisa letu wanajulikana kwa chai ya rangi na maombi marefu. Sijasikia mtu aliyeshiba huko.

Tena ananukia iliki. Nyumba hii haina iliki. Sukari yenyewe naifungia kabatini, kwa sababu vitamu ni vya watoto, na mtoto wetu Kageha yuko kwa nyanya yake Maragoli.

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wa mzee wa kanisa ameleta kigoda nikitengeneze. Nikamuuliza mikutano ya Jumamosi inaendeleaje. Akanitazama. Mkutano wa akina mama ni Alhamisi, hapa hapa Kawangware, nyumbani kwake. Jumamosi hakuna kitu.

Nilipiga msumari ukapinda. Nikapiga mwingine nao ukapinda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumwambia Mideva neno. Leo ana alama ya moto kwenye kifundo cha mkono, mpya. Anasema ni pasi. Wiki hii hajapiga pasi, shati langu la kanisani bado lina makunyanzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwambia Jafeti, fundi mwenzangu, kwamba naenda kutafuta mbao. Nikamfuata mke wangu.

Anatembea haraka, kapu mkononi. Barabara ya Ngong akavuka bila kugeuka. Akateremka Kibera, akaingia Makina. Mimi nyuma, nikijifanya naangalia bidhaa za watu. Karibu na msikiti, mkokoteni wa maji ukapita katikati yetu. Ulipopita, hayupo.

Pale njia zinapokutana kuna hoteli ndogo ya mabati. Benchi lake la mbele linatazama barabara yote. Nikaketi kumngoja apite. Mwenyewe ni mama Mnubi, mnene, leso kichwani. Wanamwita Mama Zainabu. Akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mzee, hapa si stesheni. Ukikaa, unakula."

Nikaagiza pilau, niwe na sababu ya kukaa. Mbona sikuwahi kuambiwa? Mchele kila punje peke yake, rangi ya kahawia, nyama ya mbuzi inaachana na mfupa ukiiangalia tu. Viazi ndani. Kachumbari pembeni, ndimu juu. Nilikuwa nimekwenda kushika mzinzi, nikajikuta natafuta punje za mwisho kwa kidole.

Nimekaa hadi saa tisa. Hakupita. Aliporudi nyumbani alisema mkutano ulikuwa mzuri. Nilikasirika sana, na nilikuwa nimeshiba pia. Tumelala wote wawili bila kupika.

Jumapili, 10 Agosti

Mahubiri yalikuwa juu ya Yuda. Sikusikia mengi. Nilihesabu wanaume wenye viatu vizuri. Ni tisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nimetangulia. Nimetoka kabla yake na kukaa benchini Makina saa tatu kasoro. Nikasema atapita hapa, hana njia nyingine. Hakupita. Labda kuna njia ya nyuma. Kibera ni vichochoro tupu, mtu anaweza kuingia Gatwekera akatokea kwingine na bwana mwingine.

Mama Zainabu akasema, "Karibu fundi." Amejuaje mimi ni fundi? Sikumwambia. Labda ni penseli sikioni. Labda.

Nimekula tambi za sukari. Sijawahi kula kitu kama kile. Tambi nyembamba zimekaangwa zikawa nyekundu, nazi, zabibu kavu, na ile iliki. Halafu kaimati. Vimviringo vya unga vilivyochovywa kwenye shira, nje vinavunjika, ndani ni hewa na utamu. Nilifumba macho. Mtu mzima, nyundo mfukoni, amefumba macho hadharani kwa sababu ya unga.

Nilipofumbua nikahesabu. Sahani yangu ilikuja na kaimati sita. Mzee wa kanzu jirani yangu alipewa nne. Kijana wa duka, nne. Kwa nini mimi sita? Hakuna anayempa mgeni zaidi bila sababu. Nadhani wananinyamazisha. Wanajua namtafuta nani.

Kisha akaingia mtu mmoja, viatu vinang'aa. Karani, kwa kumtazama. Akapitiliza hadi kwenye pazia la nyuma, akachungulia ndani, akasema jambo kwa Kiluhya. Kiluhya, Makina! Wanawake wakacheka huko nyuma. Akatoka na bakuli limefunikwa, akaenda zake.

Ningeweza kuinuka nikafunua pazia. Lakini nyuma kulikuwa na moshi na masufuria, ni jikoni. Mwanamume wa kwetu haingii jikoni. Baba yangu alijenga jiko la mama kwa mikono yake, akatoka, na hakurudi humo miaka arobaini hadi tulipomzika. Mimi vilevile. Nikabaki benchini na kutazama barabara.

Jumanne, 19 Agosti

Jafeti ananicheka. "Baba Kageha, mshipi umeongeza tundu? Hizo mbao unatafuta ziko na mafuta?" Nilimwambia ashike kazi yake.

Jioni nimerudisha ugali nusu. Mideva akauliza kama siku hizi sipendi chakula chake. Aliuliza kwa sauti ya upole kabisa. Mwongo mkubwa. Nilimwambia chumvi imezidi. Haikuwa imezidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika.

Makina tena. Leo niliagiza kuku. Kuku wa mchuzi wa nazi. Sahani ikaletwa, juu ya paja, mahali pa kuonekana, firigisi.

Mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kuelewa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akimpikia mumewe kuku bila firigisi, wazee wanaitwa. Lakini hapa Makina hawana habari hiyo. Nimeona kwa macho yangu wanavyompa mtoto, au paka. Na mimi sikuiomba. Sikumwambia mtu nimetoka wapi.

Nikaila. Ilikuwa imepikwa vizuri mno, laini, pilipili kidogo, vile ninavyoipenda. Ndipo nikaogopa.

Nimefikiri njia yote hadi Kawangware, na jibu ni moja. Kuna Mluhya ndani ya hoteli ile. Ni yule karani. Ananijua, ananiona nimekaa kama mjinga namlinda mke wangu, na amenitumia firigisi kunicheka. Maana yake: kula, bwana mwenye nyumba, nyumba yenyewe ninayo mimi.

Mideva amerudi saa kumi na moja. Akaniuliza, "Leo umekula wapi?" Nikasema sijala. Akatabasamu. Ametabasamu!

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimemwandikia baba mkwe barua. Kurasa mbili. Nimeandika kwamba binti yake ana bwana Kibera, kwamba nina ushahidi, kwamba aje amchukue au tukutane kwa wazee tuongee habari ya ng'ombe wa mahari. Nimetumia neno lile baya, mara moja. Nilitaka kulikata, nikaliacha. Acha lisomwe.

Jumatatu, 25 Agosti

Barua nimetia posta. Nimejisikia mwanamume hadi saa sita. Baada ya hapo nilijisikia vibaya.

Jumamosi, 30 Agosti

Niandike polepole.

Nilikwenda kumshika karani. Alikuja saa saba, akaenda moja kwa moja kwenye pazia. Nikainuka na nyundo mkononi. Mama Zainabu akasema, "Fundi, wapi hiyo?" Nilifunua pazia, nikaingia jikoni. Mara ya kwanza maishani.

Karani alikuwa amesimama na bakuli tupu, anangoja kaimati za mkewe aliyejifungua. Akaona nyundo akarudi nyuma.

Mbele ya karai la mafuta, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, alikuwa Mideva. Anafinya donge kwenye ngumi, linadondoka ndani ya mafuta, linaruka, analigeuza kwa kijiti. Hakushtuka. Alimaliza karai lile kwanza. Kisha akasema, "Umechelewa. Mimi nimekuona tangu ile siku ya pilau."

Pilau ni yake. Tambi ni zake, na kaimati, zile sita. Kuku alimpika yeye na firigisi akaiweka yeye. Alikuwa hatua nne nyuma ya mgongo wangu, Jumamosi tatu, na mimi natazama barabara.

Alinikumbusha mwezi wa kwanza, aliponiomba aje kusaidia hapa. Yeye na Mama Zainabu walijuana kliniki, Kageha akiwa mchanga. Nilimjibu kwamba mwanamke wa hoteli ni malaya na maneno yameisha. Nakumbuka sasa. Nilikuwa napiga randa, hata sikuinua kichwa.

"Nyumbani miaka tisa hujasema hata siku moja chakula ni kizuri," akaniambia. "Hapa nimekuona umefumba macho. Nikasema wacha nikupikie tu, siku moja utauliza nani amepika. Hukuuliza. Ulikuwa unaangalia viatu za watu."

Alikuwa anacheka, lakini pia alikuwa anapangusa macho kwa mkono, unga ukampaka usoni. Nilitaka kucheka pia. Ndipo nikakumbuka posta.

Jumapili, 31 Agosti

Nimemwambia habari ya barua, baada ya chai. Aliniuliza nimeandika nini. Nikamwambia, na neno lile nikalitaja, kwa sababu angelisikia tu.

Hakulia. Aliosha vikombe akavipanga. Akasema, "Mimi nilidhani tunacheza."

Naona haya. Sina neno jingine.

Ijumaa, 5 Septemba

Shemeji amefika asubuhi, kaka mkubwa wa Mideva, na barua yangu mfukoni. Hakuketi. Nilimpa maji hakunywa. Chai hakugusa. Mtu aliyesafiri kutoka Maragoli, koo kavu, akakataa maji ya nyumba yangu.

Nilimweleza yote. Kosa ni langu, hakuna bwana, kulikuwa na karai tu. Alisikiliza. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini mzee amesomewa hiyo kitu mbele ya watu. Dada hawezi kulala kwa nyumba ambayo ameitwa hivyo. Kuja mwenyewe useme huko."

Ndivyo ilivyo kwetu. Neno likifika kwa baba wa msichana, halirudi kwa posta. Linarudishwa na kinywa kilicholisema.

Mideva alikwishafunga mzigo. Hakuaga. Alisema sukuma wiki iko kwenye sufuria.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda Makina kumweleza Mama Zainabu kwa nini mpishi wake hakuja. Alinipigia kelele kwa Kinubi, halafu kwa Kiswahili nisikie vizuri.

"Mimi nilimwambia, ambia bwana yako. Akasema hapana, acha kwanza ashibe. Mtu akishiba atasikia. Sasa wewe ulishiba ukaenda kuandika matusi!"

Wateja wote walinigeukia. Ilinistahili. Nikaaga, nikarudi Kawangware kujiandaa kwa safari ya Maragoli. Jafeti atamaliza kabati la mteja.

Jumamosi, 13 Septemba. Maragoli, kwa wakwe

Basi lilisimama Nakuru ili watu wapate kula. Abiria wenzangu walikula mahindi ya kuchoma, mayai, nyama. Harufu nzuri. Mimi nilinunua chapati, nikaishika mkononi hadi Kericho, nikampa mtoto wa abiria aliyekaa karibu nami. Kageha nimemwona jana kwa mama yangu. Aliuliza mama yuko wapi, nikasema nakwenda kumwita.

Leo wazee walikuwa saba. Baba mkwe alitoa ile barua, akanipa mimi, akasema soma. Nikasoma kurasa zote mbili kwa sauti, mwandiko wangu mwenyewe, nimesimama. Kwenye neno lile nilinyamaza. Walingoja. Nikalisoma. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta, na najua alisikia.

Baada ya hapo nikautaja uongo wangu, mmoja mmoja. Nikasema mke wangu ni mpishi na anapika Kibera kwa watu wenye heshima, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliokula. Mzee mmoja akauliza anapika nini. Nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu, tambi, shira, kila kitu, hadi mzee akameza mate na mwingine akakohoa kuficha kicheko. Baba mkwe hakucheka. Faini ni mbuzi mmoja, na Mideva ataamua mwenyewe lini, na kama, atarudi. Nimekubali.

Chakula kikaletwa. Mkwe kwa kawaida huchinjiwa kuku. Sikuchinjiwa. Ugali na mboga ya mrenda. Ni haki.

Aliyeleta maji ya kunawa ni Mideva. Alipiga magoti na beseni, kama inavyotakiwa mbele ya wazee, hakuniangalia. Alianza na baba yake, kisha wazee kwa zamu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Birika lilikuwa limekwisha. Nikasema moyoni, basi, nitakula na mikono ya vumbi, hakuna atakayemlaumu.

Akainuka akatoka nje. Alikawia. Chakula kikaanza kupoa na hakuna aliyekigusa. Akarudi na birika jingine, akapiga magoti tena, akanimiminia.

Maji ya wazee yalikuwa baridi. Yangu yalikuwa ya moto. Nikanawa polepole.