Bega la Baba

Jumatano

Bega ambalo Baba anadai ni lake kwenye filamu linaning'iniwa na hereni! Na kesho nitazungumza darasani kuhusu mahali zilipopigwa filamu za Kimarekani hapa Dubai, na nimeshajigamba kwamba Baba, mlinzi wa hoteli kule Marina, anaonekana kwenye mojawapo.

Leo tuliitazama sote.

"Simamisha! Bega langu lile, pale mlangoni pa hoteli."

"Baba Neema, tangu lini ukavaa hereni?" Mama akauliza.

Baba akakohoa. "Basi mimi niko nyuma yake."

Nilicheka, kisha nikaogopa. Darasa zima litanicheka, nami hata kusoma kwa sauti tu naona haya...

Nitawaonyesha mlango badala ya bega. Mlango ni ule ule, na kila asubuhi anayewafungulia wageni ni Baba.