Chungu Alichokisifu Bila Kukigonga

Baba Sekela,

Ugonile. Sijui kama salamu ya asubuhi inamfaa mtu aliyezikwa njiani na watu wasiomjua, lakini sina nyingine. Sekela ameota meno ya mbele, nayo yana mwanya kama wangu. Ungecheka, ungesema umepunjwa mara mbili.

Tangu Wajerumani wakuchukue kubeba mizigo ya vita yao, na homa ikakumaliza hukohuko, Matema yetu hapa ziwani imekuwa kimya. Mizinga inasikika upande wa Songwe, na kila ikinguruma kuku wanakimbilia uvunguni. Mitumbwi haivuki tena. Wanaume wanalala milimani wasikamatwe. Na Kiingereza chako ulichokiokota ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza wanaopigana nao sasa, kwa yule mwalimu uliyemtengenezea madawati, siku hizi ni kitanzi. Mtu akisikika na neno moja tu, wanasema ni mpelelezi. Kwa hiyo lile shairi lako nalisema moyoni tu, midomo nimeibana.

Nililichukia, unajua. Siku ya harusi yetu ulisimama mbele ya mashangazi zangu wote ukalieleza: eti mtu mmoja wa Uingereza, wenzake wakiwasifu wanawake wao mpaka wakawa kama malaika wa kwenye picha, yeye akakataa, akataja kasoro za wa kwake moja baada ya nyingine, halafu akasema huyuhuyu ndiye ampendaye. Ungeishia hapo! Ukaongeza na ya kwako: "Mke wangu ana miguu mipana kwa kukanyaga udongo, na akikasirika mbwa wanajificha. Sitaki mwingine." Loo! Mashangazi waliziba midomo. Nilikununia hadi mvua ikaisha. Nilijiuliza, mapenzi gani haya ya kuhesabu kasoro?

Sasa sikiliza. Mdogo wako Lusekelo anataka kunirithi. Desturi yenu naijua, wala siikatai. Angekuja kama mtu, angekaa kama mtu, tungesema. Lakini siku hizi ni mjumbe wa boma la Wajerumani, ana kofia, na maneno yake yanateleza kama kambare. Eti macho yangu nyota. Eti ngozi yangu hariri. Hariri! Mimi ninayeshinda kwenye majivu? Na wiki hii, akiisha kunisifu, akamtazama mdogo wangu Anyosisye akipasua kuni, akasema taratibu, "Shemeji, huyu ana mabega mazuri ya kubebea mizigo." Akatabasamu. Mizigo ileile uliyobebeshwa wewe. Jumapili baada ya ibada anataka jibu.

Nikawa karibu kukubali. Nakwambia wewe, sijamwambia mtu. Nilisema, mdogo wangu akipona, mimi nitavumilia nyota na hariri.

Jana akaja nikitoa vyungu motoni. Kimoja kilikuwa kimepata ufa, chembamba kama unywele, nimekiweka pembeni nikivunje. Akakiinua hichohicho. "Hakijafinyangwa chungu kizuri namna hii ziwa zima." Nikamwambia, kigonge. Unajua sisi Wakisi, hata mtoto hanunui chungu bila kukigonga kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa huguna. Akacheka. "Cha mikono yako, shemeji, nikigonge cha nini?" Akakirudisha chini, akaondoka akipiga mluzi.

Baba Sekela, nilikaa pale kwenye majivu nikalia. Si kwa woga. Ni kwamba nilikuona wewe sokoni Ipinda, unagonga vyungu vyangu mbele ya wanunuzi, kimoja kimoja, hata vile nilivyojivunia. "Hiki mdomo umepinda, lakini hakivuji." Nilikuwa nakufinya mgongoni! Nawe ukisema, "Mama Sekela, nikisifu kisichofaa, nani ataniamini nikisifu kinachofaa?" Kumbe yule Mwingereza wako alifanya hilohilo. Aligonga kwanza, akasikia kila mguno, ndipo akachukua. Miguu yangu uliijua. Hasira zangu ulizijua. Na kila jioni ulirudi nyumbani kwangu. Ndaga fijo, mume wangu. Nimechelewa kukushukuru.

Huyu mwingine hajanigonga kwa sababu hanihitaji mzima. Anataka mjane wa kaka yake, nyumba ya kaka yake, na vyungu vya kuuza. Nikimpa mkono, Anyosisye atapona mwezi mmoja, halafu? Mwenye kutumia kitisho mara moja hukihifadhi akitumie tena.

Kwa hiyo kesho kukipambazuka tunaondoka, mimi, Sekela na Anyosisye, kwa mtumbwi, tukiambaa chini ya majabali kwenda kwa mama yangu Ikombe. Njia ya miguu hakuna, na boma lina mashua inayoweza kutufuata. Upepo tangu asubuhi si mzuri, naona maji yanageuka meusi kule kwenye kona. Naogopa. Ningesema siogopi ungenigonga ukasikia mguno.

Lala salama, wewe uliyenitaka na miguu yangu. Tukifika, nitamfundisha Sekela shairi lako kwa Kikisi, na kasoro zote ndani yake, ili siku moja asichukuliwe na mtu asiyemgonga.

Lusekelo naye nimemwachia kile chungu mlangoni, kimejaa maji. Akija Jumapili atakikuta kikavu.

Mama Sekela