Kompyuta Iliyomo Ndani ya Kompyuta Yangu

Muscat, Ijumaa

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku halina adabu. Goti linaendeleaje? Usilifiche, najua tabia yako.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu naona haya. Siku ile uliniuliza, "Idi, hiyo kompyuta unayoiinamia kila ukitoka kazini, unafanya nini hasa?" Nikakujibu, "Dada, hutaelewa." Ukasema, "Haya baba, ule vizuri." Wewe uliyeacha shule ukashika cherehani ili mimi nisome.

Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa sielewi. Hapa hotelini ninapofanya usafi ilitangazwa nafasi moja kwenye chumba cha kompyuta, nami nilikuwa najifunza. Kuna programu inayounda kompyuta nyingine ndani ya ile uliyonayo. Huwezi kuishika, lakini inafanya kazi kama ya kweli. Yangu ilifika kwenye intaneti bila taabu, ila simu yangu, iliyo kwenye mtandao uleule wa chumbani, haikuiona kabisa. Nilihangaika siku nne. Ulipopiga, nilikuwa nimekata tamaa, hasira nikakumalizia wewe. Siku ya tano nikabadilisha mpangilio mmoja tu, simu ikaiona.

Juzi nikaitwa kwenye usaili. Msimamizi, mama mmoja asiyecheka, akaniuliza kwa nini kompyuta ya ndani kama ile inaweza kufika intaneti na bado simu ya jirani isiione, akaongeza, "Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kompyuta."

Nikakuona wewe mbele yangu. Nikamwambia, nyumbani Tabora dada yangu ana mpangaji chumba cha uani. Mpangaji akitaka kutoka, anapitia sebuleni kwa dada. Lakini mgeni aliye barabarani hajui kama kuna mtu kule nyuma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kompyuta yangu ya ndani. Nilipoipa anwani yake kwenye mtandao, ikawa kama mpangaji amefunguliwa mlango wake wa barabarani. Anayemtaka anabisha hodi kwake.

Yule mama akasema, "Dada yako angeelewa."

Jumapili naanza kazi chumba cha kompyuta. Nisamehe, dada yangu.

Nisalimie mjomba Hamisi fundi seremala, shangazi Mwanahawa aliye Tura, na shemeji akirudi kutoka shamba. Barua anakuletea Rehema wa Nzega, tuliyekuwa naye kazini. Mpikie wali, alinitunza nilipougua.

Ni mimi mdogo wako, kazi ya mikono yako,
Idi