Ukurasa Uliokuwa na Msomaji Mmoja

Jumapili jioni, Masasi.

Kumekucha na upepo leo, ule wa kiangazi unaoingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Newala nimeacha ukungu na sweta na harufu ya salfa, maana watu wanapuliza mikorosho. Huku kwa Baba jua limeshapasha mabati tangu saa tatu asubuhi. Macho yangu yamevimba. Jirani ameuliza, nimesingizia vumbi.

Nina huzuni, na ndani yake kuna hasira, tena sijui nimkasirikie nani. Basi naandika.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kuwa blogu hii haikuanza na shajara. Ilianza na vyakula vya kwetu: kisamvu, mbaazi, mabibo ya kukausha, ming'oko ile ya kuchimba porini. Nilikuwa naandika nikiwa dukani kwangu Newala, pale ninapochapa barua za watu na kutoa fotokopi. Mteja akiondoka, nashika simu, naandika aya mbili. Nimeandika hivyo miaka, na miaka yote hiyo karibu hakuna aliyesoma. Mtu akitafuta mtandaoni namna ya kupika ming'oko, analetewa ukurasa wa mtu wa mbali ambaye hajawahi hata kuishika, anasema ichemshwe kama viazi. Kama viazi! Nilikuwa naumia, jamani.

Ndipo nikasikia habari za SEO, huo ujuzi wa kufanya ukurasa wako utokee juu mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Nikasema kumbe ndipo ninapokosea. Nikaanza kutafuta wataalamu wa kuwafuata.

Lo, wamejaa! Na kila mmoja ni bingwa. Yupo kijana anayejipiga picha ameegemea gari, leo jeupe kesho jeusi, mwisho nikawa naangalia magari tu. Yupo dada mmoja wa Dar es Salaam anayefoka tangu video inaanza, "Unalala, wenzako wanasonga!" Siku hizo mimi usingizi wenyewe ulikuwa haunijii, nikamfungia. Yupo Mzungu anayesifiwa kila kona, nikamfuata wiki nzima, nikaambulia kuumwa kichwa. Wengine ukiwauliza swali dogo tu wanakutumia kiungo cha kozi. Mh. Nikajitungia vipimo vyangu. Huyu anaandika mwenyewe au ananakili? Ukimuuliza anajibu? Amewahi kusema hadharani kwamba alikosea? Hapo kwenye la mwisho ndipo walipoanguka karibu wote.

Akapita mmoja tu. Ni kaka wa Mwanza, jina lake nalihifadhi kwa sababu hana kosa. Anaandika Kiswahili cha watu, hapayuki, na picha yake ni ya shati la kawaida tu, ukutani nyuma yake kuna kalenda. Siku moja aliandika namna alivyompotosha mteja wake, akaeleza hatua kwa hatua alipoteleza. Nikasema huyu ndiye. Nikamfuata kwa moyo wangu wote.

Kwa asiyejua: Mama yangu alifariki mwaka jana, baada ya kulazwa muda mrefu hospitali ya Ndanda. Blogu ndiyo iliyonishika nisianguke. Nilihitaji kitu cha kushughulisha kichwa, na kujifunza mambo ya SEO kulinishughulisha kwelikweli. Nilikuwa naamka na kaka wa Mwanza na kulala na kaka wa Mwanza, mpaka binti yangu Upendo akaanza kunitania kwamba nimepata mchumba.

Karibuni akafundisha jambo jipya. Alisema kurasa zako zisizosomwa zinazivuta chini zile zinazosomwa. Angalia tarakimu, alisema, na zisizo na wasomaji uzifute, usizionee huruma.

Mimi ni mtoto wa mikorosho. Huku kwetu nani asiyejua kupogolea? Matawi ya ndani yasiyopata jua unayakata, mti unapata hewa, unazaa. Tangu nikiwa mdogo nimeona watu wakisimama chini ya mkorosho na panga bila kusita, na wenye kusita ndio waliokuwa wanachekwa. Kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa. Nilimwelewa kaka yule kabla hajamaliza kusema.

Nikangoja siku ambayo duka halina watu, nikaanza kazi. Sikufungua hata ukurasa mmoja kuusoma. Mbele yangu kulikuwa na vichwa vya makala na tarakimu pembeni, sifuri juu ya sifuri. Ule wa ming'oko, nilioeleza jinsi Mama anavyoichimba na kuipika, ulikuwa na msomaji mmoja. Kila wiki mmoja. Nikadhani ni mtandao tu unajihesabu wenyewe. Nikauwekea alama pamoja na wenzake, simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo. Halafu nikamwaga na kapu la takataka, maana kaka alisema usiache uchafu ndani ya nyumba.

Na niseme ukweli wote: ilifaa. Baada ya muda mfupi kurasa za mabibo na kisamvu zikapanda. Watu nisiowajua wakaanza kuuliza maswali. Mama mmoja wa Tandahimba alikuja mpaka dukani kunitazama, akasema, "Kumbe ni wewe!" Nilitembea Newala kichwa juu siku hizo.

Halafu Baba akapiga simu.

Baba ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Masasi. Anaishi peke yake tangu Mama aondoke, na kuhamia kwangu hataki, anasema baridi ya Newala itammaliza. Si mtu wa kupiga simu. Ukiona jina lake linaita, ujue kuna jambo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Upendo. Hujambo? Simu yangu imeharibika."

Nikacheka. Nikamwambia mbona unaongea nayo. Akasema kuongea inaongea, kilichoharibika ni pale kwa mama yako. Ameipeleka kwa fundi wa stendi, fundi ameigeuzageuza na kumwambia ni nzima. Lakini kila akifungua inamwandikia kwamba ukurasa huo haupo. "Na mimi Jumapili nikitoka kanisani," akasema, "huwa nakaa kwanza pale kwa mama yako, ndipo nile."

Nilishika kaunta. Mteja alikuwa mbele yangu na vyeti vyake mkononi, nikamwambia mashine imegoma.

Msomaji mmoja.

Sikuweza kumwambia. Nikasema ni mtandao, Baba, nitautengeneza. Akashukuru, akaniuliza habari za Upendo, akakata. Nikakaa chini nikawaandikia wataalamu wote ninaowajua, hata yule wa magari. Wa magari hakujibu. Wa Dar alinitumia kiungo cha kozi, na Mungu anisamehe kwa nilichokisema pale dukani. Kaka wa Mwanza alijibu siku ileile. Pole sana dada, aliandika, je, uko kwenye kapu au ulishamwaga? Nikamwambia nilishamwaga kama ulivyofundisha. Hakujitetea. Aliniambia nitafute rasimu popote ninapoweza kuwa nimeihifadhi, na baada ya hapo akaandika tena, "Jambo la namna hii sikulifikiria."

Rasimu nikaipata. Zamani nilikuwa najitumia makala zangu kwa barua pepe kabla ya kuziweka hewani, kwa kuogopa umeme kukatika. Maneno yote yalikuwepo, na picha ilikuwepo, Mama amechuchumaa, ming'oko imelazwa juu ya kanga yake, anacheka na mtu asiyeonekana. Nililia palepale kwa furaha. Nikaurudisha ukurasa mahali pake na kichwa chake kilekile. Nikasema hili silisemi kwenye simu, naenda mwenyewe Masasi nikamwone akifungua.

Ndiyo nikaja jana.

Leo tumeenda kanisani pamoja. Nimekaa upande wa akina mama, nikawa namwona Baba kule mbele, kola yake imelegea shingoni maana amepungua. Tumerudi, nimepakua ubwabwa na maharage, nikafunika. Baba akatoka barazani na kiti chake, akafuta miwani kwa pindo la shati, nikamfungulia ukurasa kwenye simu yake nikampa. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye. Niseme tu nilikuwa na fahari. Nilikuwa namtazama uso kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Picha ikaja. Akatabasamu kidogo. Kisha kidole chake kikaanza kusukuma ukurasa juu, haraka. Akapita pale Mama anapochimba. Akapita pale anapoosha. Akapita chungu na moto na maneno yangu mazuri yote ambayo nilikesha nikiyatafuta, hakusimama hata kwa moja. Nikadhani anatafuta kipande anachokipenda. Akafika mwisho. Akasukuma tena, simu ikakataa. Akasukuma tena.

"Mama Upendo," akasema, "mama yako alikuwa huku chini."

Ndipo nilipoelewa.

Maoni. Mama hakuwahi kujua kwamba sehemu ya maoni ni ya wasomaji kusifu makala. Tulipomnunulia simu kubwa alikuta pale chini ya ming'oko kuna kisanduku cha kuandika, akakifanya ndiyo njia ya kunipata. Alianza kwa kunikosoa, "Mwanangu chumvi si mwanzo, nilikuambia." Kisha akawa anauliza, Upendo homa imepoa? Umekula? Dunia nzima inaona, yeye hana habari. Alipolazwa aliendelea. Leo nimekunywa uji wote. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameruhusiwa, tumeimba. Mwambie baba yako asije leo barabara ina mvua. Mwambie baba yako lile shati la bluu liko chini kabisa ya sanduku. Mwambie baba yako asilale bila kula.

Baba hakuwa anasoma makala yangu. Hakuwahi. Alikuwa anapita maneno yangu yote kila Jumapili ili afike kwa mke wake.

Na mimi tangu mazishi sikuweza kuufungua ule ukurasa. Nilijua yapo, lakini nilikuwa nimeyafungia mahali kichwani nisipopagusa, na siku ya kufuta niliona kichwa cha makala na tarakimu tu. Rasimu haina maoni. Rasimu ina mimi peke yangu.

Nikamwambia, "Baba, simu haikuharibika. Niliufuta mimi."

Alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili.

"Maneno yake yalikuwa yanakuzuia?" akauliza.

Haki ya Mungu, angenigombeza ningeshukuru. Nikamwambia nilitaka watu wanisome, Baba. Niliambiwa zile zisizosomwa zinazivuta chini zile nyingine.

"Na wamekusoma?"

"Wamesoma."

"Basi vizuri," akasema. Na alimaanisha, hakuwa ananichoma. Baba yangu hajui kumchoma mtu. Alisema maandishi yangu ni mazuri, picha imetoka vizuri, akanirudishia simu yake mwenyewe kana kwamba ni yangu. Akaenda kunawa. Tukala, hakuongeza.

Mchana alipojilaza nimemwandikia kaka wa Mwanza, nikamuuliza kama kuna namna yoyote duniani ya kuyapata maoni. Amejibu hapana. Neno moja, na baadaye kidogo pole. Sijaacha kumfuata. Ningeacha kwa lipi? Kwa mambo ya kurasa alisema kweli, na katika wote niliowatafuta ndiye pekee aliyeona aibu. Mtu akiniuliza leo ni mtaalamu gani wa SEO anafaa kufuatwa, bado nitamtaja yeye. Lakini yeye hakumjua mama yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namjua, na panga lilikuwa mkononi mwangu.

Nimejaribu kukaa na kuandika upya yale ninayoyakumbuka. Nimepata machache, na hayo machache sina hakika kama ni maneno yake au nimemtungia. Hilo la uji nina hakika nalo. La shati la bluu nina hakika. Nilitaka kumuuliza Baba, yeye atakuwa anayajua yote, lakini nilipochungulia chumbani nilimkuta amelala ameelekea ukutani na viatu miguuni. Nikamvua viatu nikatoka.

Kesho narudi Newala. Duka litafunguliwa, wasomaji watakuja, wengi kuliko wiki iliyopita.

Na Jumapili ijayo Baba akitoka kanisani, akatoa kiti chake barazani kabla ya kula, atafungua nini?