Majina Kabla ya Kupanda Mashua

Perusi mwenzangu,

Kesho tunarudi kisiwani. Nakuambia wewe kwa sababu hapa shuleni sina wa kumweleza kwamba naogopa.

Bibi Mkuu wa shule aliitangaza safari Jumatatu na wasichana wakapiga vigelegele. Mwaka mzima hakuna aliyetaja siku ya matembezi, nikadhani tumeizika pamoja nawe. Anasema watoto wanaoishi kando ya ziwa wasilelewe kwa hofu ya maji. Wazungu wa boma wanakwenda kila Jumapili na viti vyao vya turubai, wanaogelea, wanalala mchangani kana kwamba maji yale hayajawahi kumchukua mtu.

Ulikipenda kisiwa kile. Ulitoka Nyamuswa kwenye ng'ombe na vumbi, na kila kitu kilikushangaza: mawe makubwa yaliyopandana, ndege weusi minandi waliotandaza mabawa yakauke, pimbi wakiota jua. "Nyie watu wa ziwani mnaringa," uliniambia, mdomo umejaa kiazi. "Hata pimbi wenu kazi yao kunenepa tu."

Asubuhi ya safari ile, bandarini Mwigobero, nilianza kuwahesabu wasichana kwa kidole wakipanda mashua. Nahodha, Mzee Magesa, akanishika mkono. "Mwalimu, hawa ni watu au dagaa? Watu hawahesabiwagi. Unawaitia kifo." Wasichana walicheka, nami nikacheka, nikaacha kuhesabu. Sikuacha kwa heshima, Perusi. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinichapa kwa kuwahesabu ndugu zangu waliolala, na kabla mvua hazijaisha mmoja wao akafa kwa surua. Masomo yote niliyosoma hayajaifuta siku hiyo moyoni mwangu.

Alasiri upepo ukageuka, mawingu yakaja meusi, tukakimbilia mashua. Uliniuliza, "Wako wote?" Nikatazama vichwa vile vilivyosongamana, nikasema, "Wako wote."

Tulikuwa tumekwisha kwenda mbali mtoto mmoja aliposema, "Mwalimu, Nyangeta hayupo."

Tukarudi. Alikuwa juu ya jiwe, analia, manyoya ya ndege aliyoyaokota bado yamo ndani ya sketi aliyoikunja. Mawimbi hayakuruhusu mashua kusogea. Wewe, usiyejua kuogelea, ukashuka. Maji yakakufika kifuani. Ulimbeba, ukamsukuma mikononi mwa Mzee Magesa, halafu likaja wimbi.

Mimi niliyezaliwa ziwani, niliyeogelea kabla sijajua kusoma, nilikuwa nimeshika ubao wa mashua. Mikono haikuachia. Watu wananiambia nisingeweza kukuokoa. Hawajui kwamba sikujaribu.

Likizo nilikwenda kwenu. Mama yako alinipa blanketi lako, akasema, "Afadhali ulikuwa naye, mwanangu. Hakufa peke yake." Nilikunywa uji wake na kuaga mapema.

Nyangeta amerefuka, ananifika begani. Haizungumzii siku ile. Juzi alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, na mimi nitaenda?" Nilitaka kukataa, nikakosa sababu ya kumpa. Nikasema ndiyo.

Jana nikamfuata Mzee Magesa, nikamwambia safari hii nitawahesabu. Alikuwa anashona tanga, hakuinua macho. "Basi tafuta mashua nyingine, mwanangu." Hakuwa na hasira. Niliona anashona pale pale alipokwisha kushona, nikajua tunaogopa wote wawili, na kwamba mimi ninaogopa pande mbili. Nisipohesabu, nitamwacha mtoto. Nikihesabu na mmoja akafa, nitaamini ni kidole changu.

Nikakaa mchangani karibu naye. Nikamkumbuka baba yako. Ulinisimulia kwamba hahesabu ng'ombe, husimama langoni mwa zizi jioni na kuwataja kwa majina mmoja mmoja wakiingia, na asiyeingia anamjua.

"Mzee, na nikiita majina?"

Akakata uzi kwa meno. "Majina sawa," akasema. "Mtu anaitwaga."

Perusi, kila asubuhi darasani tunaita majina! Daftari linakaa mezani, hata siku ile lilikuwa mezani. Wewe na mimi, tuliosomea ualimu, hatukuwaza kwamba daftari linaweza kufika ufukweni. Kuita majina kungechukua muda wa kufunga kilemba tu. Ninalirudia hilo nikifua, nikisahihisha, nikiwa kanisani.

Kwa hiyo kesho nitalibeba. Nitaita majina Mwigobero, na nitaita tena kisiwani, hata mvua ikinyesha juu ya karatasi. Kamba ya mashua haitafunguliwa kabla kila mmoja hajaitika kwa mdomo wake. Na akikosekana mtu, nitashuka mimi. Nakuahidi. Usiku ninaota nimeshika ubao ule ule na vidole havifunguki. Labda kesho navyo vitakataa. Siwezi kujua mpaka nifike, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko maji.

Niombee huko uliko, kama huko watu huombeana.

Pumzika, dada yangu. Jina lako nimelikuta kwenye jalada la daftari, kwa mwandiko wako, chini yake langu. Kesho sitalisoma kwa sauti, nisije nikasimama pale nikingoja uitike.

Mwenzako,
Debora