Bundi Mrefu Alikuwa Verlin Stallard

Mwaka mmoja umepita, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa kwenye kiti chako karibu na dirisha la jikoni, na jina lako bado halijaandikwa mahali linapostahili.

Ulikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hilo kaunti nzima inalijua. Ulikamua kabla hapajakucha, ulimpelekea siagi mjane Osborne bila kuombwa, na kanisani ulikaa benchi la nyuma ili usinzie bila kumkwaza mchungaji. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa miaka tisa, kila Ijumaa jioni, ulipanda ulingoni kama Bundi Mrefu.

Wenye umri mkubwa wanawakumbuka Mabundi: wanamieleka wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, waliovaa barakoa nyeupe na kucheza kama jozi. Mama alizishona barakoa hizo kwa kitambaa cha foronya. Enzi zile kila mwandaaji wa mieleka alikuwa na eneo lake, na la kwetu liliishia milimani, mpakani na Virginia. Ng'ambo ya pale hakuna aliyewasikia. Huku kwetu ukumbi wa kaunti ulijaa, na watu walikuja kuwazomea, maana Mabundi ndio waliokuwa wabaya wa mchezo.

Ulikuwa hodari kwa kazi hiyo. Mwenzako alipozidiwa alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, na mkono wako ulikuwa pale tayari kuupiga, ndiyo ishara ya kupokezana, nawe ukaingia. Hatujawahi kuona jozi nyingine iliyofanya hivyo bila kukosea.

Sheria yenu ilikuwa moja, nanyi mliishika kuliko hata mwandaaji mwenyewe. Barakoa ilivaliwa garini kabla ya kufika ukumbini, na haikuvuliwa mpaka mmevuka daraja wakati wa kurudi. Asiye wa nyumbani haambiwi. Kwa hiyo Ijumaa Bi Imogene Rasnick, mwimbaji wa kwaya, alikupiga mgongoni kwa mwavuli akikuita shetani, na Jumapili akakuletea pudingi ya ndizi.

"Ndugu Verlin, jicho limefanya nini tena?"

"Ng'ombe, dada."

"Muuze huyo! Atakuja kukuua."

"Ananipenda. Hajui tu kuonyesha."

Uliumia mara nyingi. Ng'ombe wetu walikuwa na sifa mbaya kuliko ng'ombe wote wa Tennessee mashariki, na hawakuwahi kumpiga mtu teke.

Kisha ukavunjika mtulinga. Mwandaaji hakusubiri upone. Alizichukua barakoa akawavisha wanaume wawili kutoka Georgia, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na wiki chache baadaye akatangaza kwamba Mabundi wakishindwa watavuliwa barakoa mbele ya watu. Uliketi kwenye viti vya watazamaji, mkono ukiwa umefungwa, Mama akiwa kando yako. Mabundi walishindwa. Barakoa zikavuliwa, majina ya watu wa Georgia yakatangazwa kwa kipaza sauti, na Jumamosi gazeti likayachapa.

"Simama useme!" Mama alikuambia.

"Wilma, kaa."

"Verlin, wale walizivaa juzi tu!"

"Watu wamekuja kuona mwisho. Wameuona."

Ukapiga makofi kwa mkono mmoja, kwenye paja. Mama anasema hajawahi kukukasirikia kama siku ile, na ndoa yenu ilidumu miaka hamsini na minane.

Mwaka huu ukumbi umekarabatiwa, na kamati ikaamua kuweka ubao wa shaba wenye majina ya jozi zilizoujaza. Tulikwenda kwa mwenyekiti, Bwana Garland Mullins, tukiwa na ushahidi. Katika filamu fupi ambayo kamati yenyewe inaionyesha, Bundi Mrefu hana ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Wewe uliipoteza kwenye mashine ya kufungia majani makavu.

"Bibi Nadine," aliniambia, "kaunti hii ukihesabu vidole vilivyoliwa na mashine ile, utapata Mabundi mia."

"Mama ndiye aliyeshona barakoa."

"Simkatalii. Lakini gazeti ninalo, na lina majina mawili. Niletee mtu aliyekuwa naye ulingoni. Mmoja tu."

Mtu huyo yupo. Mwenzako yu hai na akili zake ni timamu. Hatumtaji, kwa sababu hajaturuhusu. Tuliendesha gari saa nzima hadi kwake, mimi na ndugu yangu Coy, tukamkuta barazani anamenya maharage mabichi.

"Mjomba, ni neno moja tu," nilimwambia, maana ndivyo tulivyozoea kumwita tangu utotoni. "Sema baba alikuwa Bundi Mrefu."

"Bundi gani?"

"Mjomba!"

"Mimi nilimfahamu baba yako kama mtu wa ng'ombe. Mtu mzuri. Maziwa yake hayakuwa na maji."

Coy alipandisha sauti. "Mlipeana ahadi, tunajua. Lakini Baba ameshafariki!"

"Aliyefariki ni yeye," alisema. "Mimi bado." Kisha akatuuliza kama tumekula.

Tulikula. Hakuna tulichopata zaidi ya maharage na mkate wa mahindi.

Ubao ulitundikwa mwezi uliopita. Majina yaliyoandikwa ni ya watu wa Georgia, ambao hatuna ugomvi nao, walivaa walichopewa. Kamati ilifuata gazeti, na gazeti liliandika lilichokiona. Mwenzako alitunza neno lake. Nawe ungeweza kutamka sentensi moja wakati wowote katika miaka arobaini, na hukuitamka, hata kwa wajukuu waliokuomba. Kila mmoja alitenda sawasawa, na matokeo yake si kweli. Hilo ndilo linalotukera, Baba, na tumeona tukuambie wewe, maana hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Basi tumelipa nafasi hii katika gazeti lilelile ili liseme: Bundi Mrefu alikuwa Verlin Stallard wa Cedar Fork. Ukituona huko uliko, utakasirika. Kasirika.

Wanaokukumbuka ni mkeo Wilma, wanao Nadine na Coy, mkweo Darlene, wajukuu zako Shelby, Tate na Maureen, na Bwana Odell Kilgore, aliyetupigia simu tulipokuwa tukiandika tangazo hili.

"Nasikia mnamwandika," alisema. "Niwekeni na mimi. Andikeni jirani."

Kutoka mlangoni kwake hadi kwetu ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Tumeandika jirani.

Utabaki nasi siku zote, Baba, kwa jina lako.