Ubeti wa Pili

Mama Karimi, wewe na mbuzi wetu hamjambo?

Huku Ishiara jua linatukaanga kama mahindi, lakini nusura tusifike. Njiani askari alishuku kwamba kikundi chetu cha kanisa kinaenda kula kiapo cha waasi wa msituni, si kusikiliza mafundisho ya ndoa. Akanishika mimi: "Mzee, kama wewe Mkristo, imba wimbo wa kanisa."

Ubeti wa kwanza niliimba. Wa pili huwa nakuachia wewe, kwa hivyo nikasifu uji wako kwa Kimeru, lugha asiyoijua. Pasta alifumba macho, wenzangu wakasema amina. Askari akafurahi: "Ijumaa mkirudi uimbe tena, mkalimani wangu atakuwepo."

Tafadhali mama, ubeti huo hata Pasta haukumbuki; mwambie mwalimu wa kwaya aniandikie ubeti wa kweli haraka, la sivyo huo uji utakuja kuniletea kambi ya kizuizini.

Mumeo wa ubeti mmoja,
Baba Karimi